Maji, Jua na Mawe ya Maniema: Historia ya Perovskiti



Mtu wa Kasongo akisikia jina la Kabambare akumbuka njia. Ni njia ya zamani. Mbele ya Wabelgiji, wakati wa Hamed bin Muhammed aitwaye Tippu Tip, pembe za tembo za Maniema zilitoka Kasongo, zikapita Kabambare, zikavuka ziwa Tanganika hata Ujiji, kiisha Tabora, Bagamoyo na Unguja. Vita vya miaka 1892 hata 1894 vikavunja utawala ule: Kasongo ilitwaliwa mwezi wa Aprili 1893, Kabambare mwanzo wa mwaka 1894. Lakini jambo moja halikugeuka, wala mbele ya vita wala nyuma yake. Mpagazi aliyechukua pembe begani hakujua itafanya nini mwisho wa safari. Kule Ulaya na Marekani ilikatwa ikawa vidole vya piano, mipira ya biliyardi na vitana. Aliyebeba hakujua, aliyejua hakubeba.

Leo twataka kusimulia historia ya mawe. Yaanza mbali nasi, katika milima ya Urali ya Urusi, yapita Berlin, yafika Ujapani. Lakini kipande chake kimoja kimo ndani ya karai la mchimbaji wa Maniema. Ni historia ya oksidi ziitwazo perovskiti, na ya kazi yake mpya: kupasua maji ili tupate hidrojeni. Tuifuate polepole, maana neno moja laleta lingine.

I. Maji yana nini ndani yake?

Watu wa kale walidhani maji ni kitu kimoja kisichogawanyika. Mwaka 1766 Mwingereza Henry Cavendish alitia vipande vya metali katika asidi kali, akakusanya hewa nyepesi iliyotoka, hewa yenye kuwaka moto. Kiisha akaona kwamba hewa ile ikiungua yazaa maji. Antoine Lavoisier wa Paris akafahamu maana yake: maji ni maungano ya vitu viwili. Hewa ile ikaitwa hidrojeni, ndiyo kusema yenye kuzaa maji. Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alitangaza betri yake ya kwanza, na mwaka ule ule Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walitia nyuzi mbili za umeme ndani ya maji. Mapovu yakatoka: hidrojeni upande mmoja, oksijeni upande wa pili.

Mwalimu aweza kuonyesha neno hili darasani kwa makuta machache. Atwae betri ya volti 9, mioyo miwili ya kalamu ya risasi, bilauri ya maji, na kijiko kimoja cha magadi ya kupikia. Asitie chumvi ya mezani, kwa sababu yaweza kutoa klorini, hewa mbaya kwa mapafu. Wala moto usiwe karibu. Wanafunzi wataona mapovu upande wa kutoa ni mengi kupita upande wa kujumlisha. Hidrojeni yatoka mara mbili ya oksijeni. Hivi fomula ya maji, waliyoiandika katika daftari bila kuisadiki sana, wataiona kwa macho.

Faida yake nini? Kilo 9 za maji zatoa kilo 1 ya hidrojeni na kilo 8 za oksijeni. Kilo ile moja ikiungua yatoa nguvu kama ya litri 3 na zaidi za mazuti, na moshi wake ni mvuke wa maji tu. Mwandishi Jules Verne alitia wazo hili katika kitabu chake cha kisiwa cha ajabu, kilichoanza kutoka mwaka 1874: kwamba siku moja watu watawasha maji badala ya makaa ya mawe. Mwaka ule ule Mwingereza Cameron alifika Nyangwe, juu ya Lualaba, kwa miguu.

Lakini tusidanganyike. Maji hayatoi nguvu bure. Kupata kilo 1 ya hidrojeni kwa umeme kwahitaji kilowati-saa 50 hata 55, na hidrojeni yenyewe yarudisha 33 tu. Kwa hiyo hata leo sehemu kubwa ya hidrojeni ya dunia haitoki katika maji. Yatoka katika gazi ya ardhini na makaa ya mawe, nayo yaacha moshi mwingi. Basi wenye elimu wakauliza: Je, hakuna kitu cha kurahisisha kazi ya kupasua maji? Kitu ambacho hakiishi, ila chasaidia wengine kufanya kazi, kama jiwe la kunolea lisaidiavyo kisu? Kitu cha namna hii chaitwa kichocheo. Hapo ndipo mawe yaingiapo katika historia.

II. Ndugu wawili wa Berlin

Mwaka 1839 Mjerumani Gustav Rose, bingwa wa mawe, alipokea jiwe jeusi lililotoka Urali. Alilipima, akakuta ni maungano ya kalsiyumu, titani na oksijeni. Akaliita perovskiti kwa heshima ya Lev Perovski, mtu mkubwa wa Urusi aliyependa mawe.

Jiwe lile moja likawa baba wa ukoo mkubwa. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya namna lilivyojengwa ndani. Tufikiri chumba chenye pembe nne, urefu na kimo sawasawa. Katika kila pembe, chini na juu, yakaa atomu ndogo ya metali. Katikati ya kila mti uunganishao pembe mbili yakaa atomu ya oksijeni. Na katikati ya chumba yakaa atomu moja kubwa, kama mzee kitini pake. Vyumba vile vyafuatana bila mwisho, vikigawana kuta. Ajabu ni hii: twaweza kumwondoa mzee yule na kumweka mwingine, au kubadili zile ndogo za pembeni, na nyumba yasimama. Kalsiyumu yaondoka, yaingia stronsiyumu, bariyumu, lantani au sodiyumu. Titani yaondoka, yaingia kobalti, chuma, nikeli au tantali. Victor Goldschmidt alionyesha mwaka 1926 kanuni ya vipimo vyake: atomu ipi yaenea mahali papi, na ipi ni kubwa mno au ndogo mno. Kila mara wenyeji wanapobadilika, tabia ya jiwe yabadilika vilevile. Hata siku hizi vyote vyenye umbo lile vyaitwa perovskiti, hata kama havina kalsiyumu wala titani.

Gustav Rose alikuwa na kaka, Heinrich Rose, naye bingwa wa kemia Berlin. Heinrich alishika jambo lingine. Mwaka 1802 Msweden Anders Ekeberg alikuwa amevumbua metali mpya. Aliitaabikia sana, maana oksidi yake alipoitia ndani ya asidi haikunywa hata tone. Basi akaiita tantali, kwa jina la Tantalo, mfalme wa hadithi za Wayunani. Huyo aliadhibiwa kusimama majini hata kidevuni huku anaona kiu: kila akiinama kunywa, maji yalishuka. Mwaka 1844 Heinrich Rose alionyesha kwamba ndani ya mawe yale mna metali ya pili ifananayo na tantali sana. Akaiita niobi, kwa jina la Niobe, binti Tantalo.

Tushike neno hili vizuri. Kaka alitenga tantali na niobi. Mdogo wake aliandika habari ya perovskiti. Hawakujua kama kazi zao mbili zitakutana. Zilikutana nyuma ya miaka mia na zaidi, katika unga mweupe ndani ya bomba la maji, kule Ujapani.

III. Jiwe letu

Tantali na niobi zatoka wapi? Zatoka katika mawe kadha wa kadha, na moja lao sisi twalijua kwa jina la koltani. Jina hili ni la kuunganisha: kolumbiti yenye niobi nyingi, na tantaliti yenye tantali nyingi. Katika Kongo ya mashariki koltani mara nyingi yafuatana na kasiteriti, jiwe la bati, kama ndugu wa tumbo moja. Ni hivyo kusini kwetu Manono, ni hivyo kaskazini kwetu.

Historia ya migodi ya Maniema ni ndefu. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, na Kalima ikawa makao yake makubwa. Kule Kabambare watu wajua zaidi dhahabu ya Namoya, iliyochimbwa wakati wa Wabelgiji na tena katika miaka ya 2010. Mwaka 1976 makampuni ya bati ya Kivu na Maniema yaliungana kuwa SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ya dunia ikaanguka ghafula. Mashini zikanyamaza moja moja, wafanyakazi wakarudi vijijini, wengine wakabaki na mpao na karai, wakichimba kwa mikono yao. Kiisha vikaja vita. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya tantali ikapanda sana, kwa sababu viwanda vya simu na ordinateri viliitaka kwa vipande vidogo vya kutunza umeme. Neno koltani likaenea kila kijiji. Mwezi wa Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Maniema na Kivu zote mbili, hata Machi 2011. Na mwaka ule ule wa 2010 Marekani ilitoa sheria ya kuuliza madini yatoka wapi. Mchimbaji aliona tu bei yashuka. Hakuna aliyemweleza kwa nini ilipanda, wala kwa nini ilishuka.

Sisi sote tumewaona vijana wale. Wasimama mtoni toka asubuhi, maji yawafika magotini, hata viunoni, wakiosha mchanga. Jioni warudi na kilo chache za jiwe jeusi zito. Nyumbani hakuna umeme; mama apika kwa makala, mtoto asoma kwa koroboi. Tantalo wa Wayunani alisimama majini na kiu yake. Wetu wasimama majini, wameshika mkononi jiwe lenye jina lake, na giza likiingia hawana taa.

IV. Jua lapasua maji

Turudi Ujapani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza neno jipya: walitia majini oksidi ya titani na kipande cha platini, wakamulika oksidi ile kwa mwangaza mkali, na maji yakapasuka. Mwangaza ulikuwa umefanya sehemu ya kazi ya betri. Mwaka ule ule 1972 mtambo wa kwanza wa Inga uliwashwa katika inchi yetu. Baadaye waya wake mrefu ulikwenda hata Katanga, Maniema haukuifikia. Mwaka uliofuata, 1973, petroli ikapanda bei dunia nzima, na watu wengi wakaanza kutazama maji na jua kwa macho mengine.

Namna gani mwangaza wapasua maji? Chembe ya mwangaza ikigonga unga wa jiwe linalofaa, yaamsha umeme mdogo ndani yake: elektroni yaruka, yaacha pengo. Elektroni yakimbilia upande mmoja na kuzaa hidrojeni. Pengo laenda upande mwingine na kuzaa oksijeni. Shida ni moja: viwili hivi vyapenda kurudiana upesi mbele ya kufanya kazi. Basi sherti jiwe livitenge, kama vile mwamuzi atengavyo watu wanaotaka kushikana.

Perovskiti zafaa sana kwa kazi hii. Mwaka 1980 Kazunari Domen na wenzake walionyesha kwamba stronsiyumu titanati, yaani nyumba ya perovskiti yenye stronsiyumu katikati, ikipakwa oksidi ya nikeli yapasua mvuke wa maji. Mwaka 1998 Hideki Kato na Akihiko Kudo walionyesha nguvu ya tantalati. Na mwaka 2003, pamoja na mwenzao Asakura, walitangaza sodiyumu tantalati iliyotiwa lantani kidogo na oksidi ya nikeli. Lantani ilifanya punje za unga ziwe ndogo, tena ziwe na ngazi ndogo ndogo juu yake. Hidrojeni ikatoka kwenye kingo za ngazi, oksijeni katika mifereji yake. Kwa kila chembe 100 za mwangaza, 56 zilifanya kazi. Wakati ule hakukuwa na unga wa namna hii ulioshinda huo. Hapo ndipo kazi za ndugu wawili wa Berlin zilipokutana: tantali ya kaka ndani ya nyumba ya mdogo wake. Metali iliyokataa kunywa asidi ilikuwa imefundishwa kupasua maji.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Mwangaza walioutumia ulikuwa wa urefu wa nanometa 270. Mwangaza wa namna hii watoka katika jua, lakini haufiki chini. Ozoni ya juu yauzuia, na ni heri kwetu, maana ungetuunguza. Kwa hiyo unga ule ulihitaji taa. Chini ya jua la Kasongo saa sita ungekaa kimya.

Kazi ikaendelea. Mwaka 2020 Tsuyoshi Takata, Domen na wenzao walirudia stronsiyumu titanati, wakaitia alumini kidogo, wakaipaka rodi, kromu na kobalti kila moja mahali pake. Kwa mwangaza wa nanometa 350 hata 360, ulio ndani ya jua letu, chembe 96 kwa 100 zilifanya kazi. Mwaka 2021 wakatandika sahani zenye unga ule, meta 100 za eneo, nje kabisa, na kukusanya hidrojeni chini ya jua la kweli. Hata hivyo jua lina mwangaza mchache wa urefu ule. Katika nguvu yote ya jua walipata 0.76 kwa mia tu, tena pale ilipofanya vizuri kabisa.

Tupige hesabu wenyewe. Chukua meta 100 za eneo katika Maniema, na jua la kilowati-saa 5 kwa kila meta kwa siku. Unga ule, ukifanya kama siku yake nzuri, ungetoa gramu 100 na kidogo za hidrojeni. Sahani za kawaida za umeme wa jua, zinazoshika 20 kwa mia, zingetoa kilowati-saa 100, na umeme huo ukipasua maji wapata karibu kilo 2. Basi kwa leo sahani na umeme zashinda unga. Tumaini la unga ni urahisi wake: hauna waya wala mashini nyingi.

Perovskiti zaingia vilevile katika njia ya umeme. Mwaka 2011 Jin Suntivich, Yang Shao-Horn na wenzao, huko Marekani, walionyesha kwamba perovskiti ya bariyumu, stronsiyumu, kobalti na chuma yatoa oksijeni katika maji ya alkali kwa wepesi kupita oksidi ya iridi, metali adimu na ghali mno. Wengine wakaona baadaye kwamba ngozi yake yaharibika ikifanya kazi, nyumba nzuri ile yabomoka upande wa nje. Bado wanaitengeneza. Na kobalti? Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia yachimbwa katika Kongo yetu, Katanga.

V. Bei ya jiwe na bei ya elimu

Basi, historia hii yatufundisha nini? Wengine watasema: tantali ni yetu, kobalti ni yetu, tungoje, siku hidrojeni itakapotawala, watu watakuja kwetu na feza. Sisi hatudhani hivyo, na historia yenyewe yatukataza.

Tazameni pembe. Mwaka 1869 Mmarekani John Hyatt, akitafuta kitu cha kushika mahali pa pembe katika mipira ya biliyardi, alitengeneza seluloidi. Tazameni bati, bei yake ilivyoanguka mwaka 1985. Tazameni tantali yenyewe: mwanzo wa karne ya 20 nyuzi zake ziliwaka ndani ya taa za umeme za Ulaya, lakini nyuma ya miaka michache tungsteni ikaja, tantali ikaondoka. Na sasa tazameni unga wa maji. Ule wa 2003 ulikuwa na tantali ndani yake. Ule wa 2020, ulioushinda, hauna hata punje moja: ni stronsiyumu, titani na alumini, vitu vipatikanavyo mahali pengi. Wenye elimu hawakufungwa na jiwe. Waliondoa mwenyeji mmoja wa nyumba, wakaweka mwingine.

Ndiyo maana twasema: bei ya jiwe yapanda na kushuka, na wanaoipandisha hawako hapa. Lakini mtu ajuaye namna nyumba ile yajengwa, yeye abaki na elimu yake hata jiwe likiondoka. Jiwe laisha shimoni. Elimu, ukiigawa, yaongezeka.

Tusiseme kwamba kazi ya mchimbaji ni bure. Yalisha watoto, yalipa masomo, na twamheshimu. Lakini wengi wetu tumemwona mtoto wa darasa la tano akiacha kalamu na kushika karai, kwa sababu karai laleta feza jioni ile ile. Tukimwambia tu: Rudi shule, hatasikia. Tukimwonyesha mapovu mawili ndani ya bilauri, tukamwambia: Jiwe uliloosha jana, wako watu waliofanya nalo kazi hii kwa mwangaza peke yake, labda atauliza swali. Na mtoto aulizaye swali hajapotea shuleni.

Ninyi katekista mnaokaa vijijini katikati ya wachimbaji, ninyi mapadri mnaosimamia shule, na sisi tulio bado masomoni, tuna deni moja hapa. Masomo ya kemia katika shule zetu mara nyingi ni maneno ya kukariri, bila bilauri, bila betri. Tuanze na vitu vidogo hivyo. Tuwafundishe watoto majina ya mawe yao, na kazi yake, na historia yake, kwa lugha wanayoisikia nyumbani. Tuwafundishe vilevile kupiga hesabu kama tulivyofanya juu, ili wasidanganywe na mtu anayeahidi mengi kwa jua na maji, wala na mtu anayenunua jiwe bila kuliambia mwenyewe lafanya nini.

Njia ya Kabambare ipo bado. Zamani pembe zilipita pale, kiisha mengine yakafuata. Vyote vilikwenda, na habari zake hazikurudi. Safari hii habari imerudi mbele ya jiwe kuisha. Tuipokee, tuipeleke hata mtoni, kwa wale wanaosimama majini.